Reli ikipita juu ya udongo wako, nani anauhesabu?

Ndugu wa Tororo, Iganga, Jinja, na wote hapa Uganda ambao njia ya reli ya kisasa ya Malaba hadi Kampala itawapitia, nina hoja. Mkataba ulitiwa saini Oktoba 2024: kilomita 272, euro bilioni 2.7. Reli naitaka kama mtu mwingine yeyote. Ninachotaka tukibishanie ni ile karatasi ya tathmini ya fidia.

Kwetu ilipita barabara miaka kadhaa nyuma. Mthamini alikuja kwa mama mdogo na daftari lake, akahesabu miembe, mihogo, jiko la nje, hata kaburi la babu. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kichuguu kirefu kuliko mtu. Akakizunguka, akaenda kuhesabu ndizi. Basi kile kichuguu ndicho kilichosomesha watoto: kila kiangazi mama mdogo alifyatua matofali kwa udongo wake, akachoma tanuri moja. Kwenye fomu hakimo. Jirani, mwenye kilima, walimchimbia moramu, ule udongo wa changarawe wa kujengea barabara, tipa baada ya tipa, akalipwa fidia ya mihogo iliyong'olewa tu. Shimo liko hadi leo. Mvua ikinyesha watoto wanaogelea humo, na sisi tunaomba Mungu.

Sasa someni Ibara ya 244 ya Katiba. Madini yako mikononi mwa serikali kwa niaba ya Jamhuri ya Uganda, sawa, fosfeti ya vilima vya Sukulu kule Tororo si yangu. Lakini ibara hiyohiyo inasema udongo wa mfinyanzi, moramu, mchanga na mawe ya kujengea hayahesabiwi kuwa madini. Bunge limepewa nguvu ya kudhibiti uchimbaji wake wa biashara tu. Kama si mali ya serikali, na kwenye fomu ya fidia haimo, ni ya nani?

*Dereva wa tipa, Malaba:*
Mwenzangu, mimi hiyo moramu nimeibeba. Kabla ya barabara kuja ilikuwa na bei gani? Hata bure hakuna aliyeitaka. Barabara ndiyo iliyoipa bei, halafu mnataka barabara iwalipe tena. Mkianza kulipwa vilivyojificha ardhini, kesho kila mtu atakuwa na dhahabu chini ya choo chake. Na mradi utakaa miaka kumi kwenye vikao.

*Mwanzisha mada:*
Hapo kwenye moramu umenibana kidogo, nakiri. Bei imeletwa na mradi. Lakini wewe ukibeba unalipwa kwa tripu, ama siyo? Mbona mwenye kilima alipwe kwa mihogo? Na yeye ahesabiwe tripu, daftari lipo getini.

Hilo la kuchukuliwa ni rahisi. Gumu ni la kufunikwa. Tuta la reli likishakaa juu ya udongo wa matofali, huchimbi tena wewe wala mjukuu wako, na udongo huo ulikuwa na soko hata kabla reli haijatajwa. Nusu ya nyumba za mtaa wetu zimetoka humo. Msiniambie twende kwenye ramani za Idara ya Jiolojia na Madini kule Entebbe. Ndege iliyopima karibu asilimia 80 ya nchi ilikuwa ikitafutia wawekezaji madini, haikutumwa kuhesabu vichuguu.

Anayejua udongo uko wapi ni fundi matofali. Atembee na mthamini kabla vigingi havijapigwa, mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, akiwepo, kila chimbo liandikwe na kina chake. Kijiji kimoja, siku moja. Hiyo ya dhahabu chini ya choo fundi ataicheka palepale.

Wanaosema hilo litachelewesha mradi, waje na hesabu ya siku zao tuione.