Kulipia chuo bila akiba ya kutosha

Swali: Binti yangu amepata nafasi chuoni, lakini akiba yetu haifiki hata ada ya muhula wa kwanza. Tuanzie wapi kabla ya kukopa?

Jibu: Hongereni sana. Tafuteni kwanza ufadhili, kwa kuwa hamtaurudisha, kisha iandikieni mapema ofisi ya fedha ya chuo mkiomba kulipa kwa awamu.

Jibu: Mkilazimika kukopa, ulizeni kama riba huanza kuhesabiwa binti angali masomoni, maana hapo ndipo deni hukua kimyakimya: kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka, kila 1,000 huongezeka 240 katika miaka 4, hata kabla ya riba juu ya riba.

Muulizaji: Nashukuru, ndugu zangu. Barua ya awamu aiandike nani?

Jibu: Aiandike binti yako, wewe ambatisha uthibitisho wa kipato.