Programu ya kutazama picha imeniharibia faili za skana ya filamu, halafu wenyewe wananiambia kosa ni langu

Wadau, hasira hii nimekaa nayo siku nne na haijapoa, kwa hivyo naileta hapa.

Niko Kisumu, upande wa Kibuye. Marehemu baba alikuwa na studio Luanda, pale barabara ya Busia, na alituachia makatoni ya negativu za watu wa Yala, Maseno na vijiji vya karibu. Mimi ndiye ninayeziskani. Naskani ghafi, yaani skana isirekebishe chochote, kwa sababu hizi filamu zimekaa miaka mingi kwenye unyevu wa huku kwetu na ukungu umeshaanza kuota juu yake. Skana inapiga kila fremu kwa dpi 4000 (nukta 4000 kwa inchi), biti 16 kwa kila rangi (biti zikiwa nyingi, vivuli vingi zaidi vinahifadhiwa), kisha juu ya chaneli tatu za rangi inaongeza ya nne ya infraredi, mwanga usioonekana kwa macho. Infraredi inapita kwenye rangi za filamu kana kwamba hazipo, lakini vumbi na ukungu vinaizuia. Hiyo chaneli ndiyo ramani ya uchafu. Ukiwa nayo unasafisha uso wa mtu bila kuugusa. Faili moja inafika megabaiti 171.

Sasa ili niweze kuzipitia nikanunua programu ya kutazama picha. Ukurasa wao unasema inasoma TIFF ya biti 16, aina ya faili ambayo skana yangu inahifadhi, na faili ghafi za aina zote. Nimelipa pesa yangu, sikutumia ya wizi.

Jumatano akaja mama mmoja kutoka Yala. Mumewe amefariki, mazishi Jumamosi, na picha pekee waliyo nayo ni ya kitambulisho. Akaniambia, "Mwanangu, baba yako alimpiga picha mwaka wa 1991, amesimama ameshika redio. Hiyo ndiyo nataka watu waione." Nikamwambia mama, keti, unywe chai, tunaitafuta sasa hivi. Folda ya 1991 ina filamu 17, faili 612. Nikaifungua mbele yake.

Viboksi 612, vyote vya kahawia nzito inayokaribia nyeusi. Hakuna sura hata moja. Mama akanitazama, akauliza kama picha zimeungua.

Hazijaungua. Skana inaandika mwanga jinsi ulivyo, gama (kipimo cha mpangilio wa mwanga) ikiwa 1.0, na skrini inatarajia kama 2.2, kwa hivyo lazima programu iinue mwanga kabla ya kuonyesha. Haikuinua. Na nilipokuza fremu moja nikakuta jambo baya zaidi: kila punje ya vumbi na kila uzi wa ukungu umekuwa tundu. Kwenye shavu la bibi harusi mmoja kulikuwa na matundu kama kitambaa kilicholiwa na nondo, na nyuma yake unaona rangi ya dirisha la programu. Wameichukua infraredi wakaifanya chaneli ya uwazi, ile inayosema wapi picha ipitishe kilicho nyuma yake!

Hapa naomba mtu asiniambie ni faili zangu. Kanuni za TIFF 6.0 ziko wazi tangu 1992. Chaneli ya ziada huwekewa alama: 0 ni chaneli isiyoelezwa, 1 na 2 ndizo za uwazi. Nimefungua faili zangu nikasoma alama yenyewe. Ni 0. Programu iliona 0 ikaamua yenyewe kuwa ni uwazi. Ningeelewa kama ingesema "sijui chaneli hii" na kuiacha. Rangi ya negativu kugeuzwa sikudai, hiyo ni kazi yangu. Nilitaka nione tu nani ni nani.

Mama akarudi nyumbani. Usiku wa Alhamisi nikaanza kufungua faili moja moja kwenye programu nzito ya kuhariri, laptopu yenyewe ina RAM ya gigabaiti 4, kila faili inanichukua zaidi ya dakika. Nilimpata karibu alfajiri, filamu ya 12. Amevaa suruali pana, pazia la studio limechorwa minazi, redio ameishika kwa mikono miwili kifuani kama mtu anayebeba mtoto. Nikapiga simu. Kijana wake akaniambia ratiba ya mazishi ilishachapishwa jana jioni, na ile picha ya kitambulisho ndiyo imewekwa mbele, imekuzwa mpaka macho hayaonekani.

Kilichonitoa machozi hasa ni filamu ya 9. Usiku huohuo, kabla sijakata tamaa na programu yao, niliona fremu zake zimelala ubavu. Nikazichagua zote 36, nikabonyeza zungusha. Haikuuliza kitu, ikaandika "Imehifadhiwa". Asubuhi naangalia: kila faili imeshuka kutoka megabaiti 171 hadi 64. Biti 16 zimekuwa 8, infraredi imefutwa kabisa, na imeandika juu ya faili asili. TIFF ina sehemu maalumu ya kuandika picha ielekee wapi! Ilitosha kubadilisha namba moja, pikseli zisiguswe.

Najua mtauliza nakala. Faili za 1991 peke yake ni zaidi ya gigabaiti 100, na diski ya akiba ilijaa nikiwa filamu ya 8. Sawa, hilo ni langu. Lakini kubonyeza zungusha si kuomba kufutiwa kazi.

Nikawaandikia. Jibu lilikuwa sentensi mbili: faili zako zina kasoro, tumia JPEG. JPEG! Ya biti 8, isiyo na pa kuweka infraredi, kwa negativu ambayo uso wote wa mtu umejibana kwenye sehemu ndogo ya mwanga.

Ninachotaka kwao ni waandike kwenye ukurasa wao kuwa faili ghafi za skana hawaziwezi, na kitufe cha kuzungusha kiulize kabla ya kuandika juu ya faili. Pesa yangu pia wairudishe. Na kama kuna mdau hapa anayejua programu inayoonyesha vijipicha vya TIFF ya chaneli nne bila kuigusa faili, tafadhali aniambie, hata kama ni ya kulipia.

Filamu ya 9 naiskani upya Jumapili, dakika nane kila fremu. Kipande cha mwisho, fremu sita, kilikuwa kimegandana na karatasi yake na nilikibandua kwa shida mara ya kwanza. Kimeanza kupasuka pembeni. Sijui kama kitapita kwenye skana tena.