Mjadala: Miji yenye ukame ipige marufuku ukoka wa mapambo?

Mleta mada

Wakuu, hili jambo naomba tulijadili kwa hoja. Mwaka 2021 jimbo la Nevada, Marekani, lilipitisha sheria inayokataza maji ya Mto Colorado kumwagiliwa ukoka usio na kazi katika bonde la Las Vegas, ukomo ukiwa mwisho wa 2026. Usio na kazi maana yake ni ule wa katikati ya barabara, wa mbele ya ofisi na maduka, ambao haukaliwi na mtu wala hauchezewi na mtoto, na anayeukanyaga ni yule anayeufyeka. Nyumba za familia moja moja hazikuguswa. California nayo ikapitisha sheria inayofanana na hiyo mwaka 2023, ikilenga majengo ya biashara na ya taasisi.

Swali langu ni hili: miji mingine yenye ukame ifuate njia hiyo? Na ikifuata, sheria iishie barabarani au iingie hadi uani, pale watu wanapokaa nje jioni?

Mimi naunga mkono marufuku. Lakini sheria inayong'oa ukoka bila kudai kivuli mahali pake naipinga kwa nguvu zile zile.

Nianze na maji. Mamlaka ya maji ya kusini mwa Nevada iliwahi kupima kwa miaka kadhaa nyumba za watu, ikatoa matokeo mwaka 2005. Mita moja ya mraba ya ukoka ilikuwa ikinywa karibu lita 2,970 kwa mwaka. Mita moja ya bustani iliyopandwa mimea ya ukame ilikunywa kama lita 700. Sasa chukua ukoka wa mita za mraba 50 tu, eneo dogo la mbele ya nyumba. Hizo ni zaidi ya lita 148,000 kwa mwaka. Cape Town ilipobanwa na ukame, kuanzia Februari 2018 kila mtu aliwekewa ukomo wa lita 50 kwa siku kwa kila kitu: kunywa, kupika, kuoga, kufua. Kwa ukomo ule, maji ya ukoka huo yangewatosha watu wanane mwaka mzima.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Las Vegas karibu maji yote yanayotumika ndani ya nyumba hukusanywa, husafishwa na kurudishwa Ziwa Mead, bwawa la Mto Colorado ambako mji huo huchota maji yake. Ya bustanini hayarudi, kwa sababu yamekwenda hewani. Kwa hiyo anayeoga muda mrefu pale haliletei bwawa hilo hasara kama anayewasha vinyunyizio saa saba mchana, ingawa anayelaumiwa siku zote ni yule wa bafuni.

Mbona basi nasisitiza kivuli? Kwa sababu tunakaa nje, na jua la mchana linaweza kumpiga mtu kwa nguvu ya wati 1,000 hivi kwa kila mita ya mraba. Ni kweli ukoka uliomwagiliwa hupoza: kila lita inayogeuka mvuke huondoka na joto la megajuli 2.4 hivi. Lakini upoozaji huo uko miguuni, na jua bado liko kichwani. Mti mmoja uliopandwa upande wa magharibi wa kibaraza huzuia jua la alasiri kabla halijafika kwenye sakafu, ukuta na ngozi ya mtu. Kama tuna maji machache ya kutumia nje, yaende kwenye mizizi ya mti huo.

Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, nakupinga. Maji napimiwa kwa mita na ankara nalipa kila mwezi. Kama mamlaka inaona natumia mengi, ipandishe kiwango kwa anayezidisha, kila mtu aamue mwenyewe apunguze nini. Mwenye kupenda ukoka atajinyima kwingine. Kuniambia nipande nini kwenye uwanja wangu ni kuvuka mpaka.

Pili, duniani karibu asilimia 70 ya maji baridi yanayochotwa huenda kwenye kilimo. Mbona hatuanzii huko? Tunamkaba mwenye bustani kwa sababu yuko karibu na ni rahisi kumkaba.

Mleta mada

Mkuu, hoja ya pili kwanza. Mto ni mmoja, lakini maji ya bomba yamesafishwa, yamewekwa dawa, yamesukumwa na pampu hadi mlangoni kwako. Mitambo na mabomba hujengwa kwa kuangalia siku ya mahitaji makubwa kuliko zote, na katika miji ya kiangazi kirefu siku hiyo ni ile ambayo kila mtu anamwagilia. Mji mzima unajenga mtambo mkubwa zaidi kwa ajili ya siku chache za ukoka, na gharama inagawanywa hata kwa yule asiye na bustani. Kilimo nacho kibanwe, sina ubishi, ila kubanwa kwake hakupunguzi kilele hicho.

Ya kwanza ina uzito, na ndiyo sababu uani kwako sitaki marufuku. Bei ya kupanda kadiri matumizi yanavyopanda inatosha pale ambapo mwenye kumwagilia ndiye mwenye kulipa na ndiye mwenye kukaa. Kwenye ukoka wa barabarani hakuna mtu wa namna hiyo. Bili inalipwa na idara fulani au inatumbukizwa kwenye kodi ya pango, na anayeamua kumwagilia haoni ankara. Hapo bei haina wa kumwogopesha, ndipo sheria inapohitajika.

Mchangiaji wa pili

Mimi ni fundi wa bustani, naomba niseme ninayoyaona kazini, maana mjadala huu ukibaki kwenye sheria peke yake utapotea.

Mteja akiambiwa "punguza maji", jambo la kwanza analotaka ni kokoto. Tunang'oa ukoka, tunatandika nailoni, tunamwaga kokoto nyeupe, basi. Miezi michache ananipigia analalamika kwamba kibarazani hapakaliki. Hapakaliki kweli! Kokoto na zege hushika joto la mchana na kulitema usiku, na nailoni imezuia hata mvua kidogo iliyonyesha isiingie ardhini. Vumbi likijaa juu ya kokoto, magugu yanaota huko huko. Maji yamepungua kweli, lakini hiyo siiti bustani, kwa sababu hakuna anayeweza kukaa hapo.

La pili, miti. Mti uliokua katikati ya ukoka umezoea maji ya ukoka. Mizizi yake iko juu juu, pale vinyunyizio vinapofika. Ukifunga vinyunyizio ghafla, ukoka unakauka wiki hizo hizo na mti unafuata taratibu, mpaka mwenye nyumba anashangaa umekufa kwa nini. Kabla ya kung'oa ukoka, wekea mti laini yake ya matone, yaani mpira wenye matundu unaodondosha maji polepole, kuzunguka mwisho wa matawi, mbali na shina. Umwagilie kwa kina na kwa nadra, mizizi ishuke. Hili mleta mada hakuligusa, na ndiko sheria nyingi zitakakoua miti bila kukusudia.

La tatu, saa ya kumwagilia. Mtu anabadilisha mimea yote, anaacha kidhibiti, kile kinachowasha na kuzima vinyunyizio chenyewe, kimewekwa vile vile kilivyokuwa wakati wa ukoka. Mimea ya ukame inakunywa maji ya ukoka, inarefuka ovyo, mingine inaoza mizizi. Mita ya maji haijui umepanda nini. Tenga mimea kwa makundi: inayotaka maji zaidi iwe karibu na kibaraza, michache, mahali unapoiona na kuinusa, ya kati ifuate, ya mwisho kabisa pembeni, ile inayojitegemea kwa mvua baada ya kushika. Nasema "baada ya kushika" kwa makusudi. Mwaka wa kwanza, na mara nyingi wa pili, hata mmea wa jangwani unataka kumwagiliwa.

Na msikubali kila kinachoitwa "kinastahimili ukame". Mathenge, ule mti wa Prosopis, ulipelekwa Baringo miaka ya 1980 kwa nia njema ya kuzuia ardhi isigeuke jangwa, leo umemeza malisho na watu wanahangaika nao. Minyaa inavumilia ukame kuliko mimea mingi, lakini utomvu wake ukiingia jichoni ni hatari, siupandi mahali watoto wanapocheza. Mgunga ni mzuri, ila miiba yake isiwe juu ya viti. Mshubiri, mkonge wa mapambo na maua ya karatasi vinafaa, mradi uache nafasi ya kupita.

Juu ya udongo weka matandazo ya majani makavu au vipande vya magome, unene wa sentimita 5 hadi 10, yasigusane na shina. Hakuna kitu rahisi namna hiyo kinachozuia maji kukauka.

Mchangiaji wa tatu

Fundi, asante sana. Mimi nina watoto wadogo. Kokoto hawawezi kuchezea, miiba ndiyo kabisa. Nilikuwa nafikiria nyasi bandia, hazinywi maji. Mnasemaje?

Mchangiaji wa pili

Dada, juani zile nyasi hupita nyuzi 60 za Selsiasi. Mguu wa mtoto hauvumilii. Watu huishia kuzimwagia maji zipoe, halafu kesho tena. Afadhali ukoka halisi, kipande kidogo, kwenye eneo lile wanalocheza hasa, na uchague aina za maeneo ya joto zinazolala kiangazi na kuamka zikipata maji. Upande mmoja uwe na kivuli. Ukoka wa kuchezewa una kazi, na sheria ile ya Nevada yenyewe inaukubali.

Mchangiaji wa nne

Mvua mbona hamjaitaja? Milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 100 mahali panapopata milimita 300 kwa mwaka linapokea lita 30,000. Toa kama moja ya tano inayopotea, zinabaki 24,000. Kwa lita zile 700 za mleta mada, hizo zinahudumia karibu mita za mraba 34 za bustani bila kugusa bomba. Tucson, Arizona, waliweka kanuni mwaka 2008 kwamba majengo mapya ya biashara yapate nusu ya maji ya bustani kutokana na mvua. Sheria ya namna hiyo naiona bora kuliko marufuku: inamwambia mtu afanye nini, na kupanda anapanda.

Mleta mada

Mkuu wa mvua, umenisogeza. Tatizo ni kwamba mvua ya nchi kavu huja yote kwa mkupuo, na tangi la kuhifadhi lita 24,000 si la kila nyumba. Tangi kubwa zaidi ni udongo wenyewe. Badala ya kusakafu uwanja ukiinamia barabarani, uinamie shimo la mti: beseni pana, la kina kidogo, lililojazwa matandazo, ambapo maji ya paa na ya sakafu ya kibaraza yanaingia na kuzama ndani ya siku moja, kabla mbu hawajapata nafasi. Hilo halihitaji tangi, linahitaji fundi wa sakafu aambiwe mapema mteremko uelekee wapi. Baada ya zege kukauka umechelewa.

Fundi, hoja yako ya miti ya zamani naichukua nzima. Basi kipengele ninachokitaka kisomeke hivi: asing'oe mtu ukoka wa eneo la umma kabla miti iliyomo haijawekewa umwagiliaji wake, na kwa eneo litakaloachwa wazi, sehemu iliyotajwa kwa asilimia iwe chini ya kivuli cha miti baada ya miaka kadhaa, si kokoto tupu. Mkaguzi arudi mwaka wa pili kuhesabu miti iliyo hai. Orodha ya mimea iliyokatazwa kwa sababu ya kuvamia iambatane.

Mchangiaji wa kwanza

Ukiandika hivyo, na uani kwangu ukabaki kwa bei badala ya marufuku, nitakuunga mkono kwa barabarani. Lakini mpangaji mmemsahau. Mti unachukua miaka, yeye atahama kabla haujampa kivuli, na mwenye nyumba anaishi kwingine kwenye kivuli chake. Nani atamwagilia?

Mleta mada

Mwenye nyumba abebe jukumu la kupanda na kuweka laini ya matone, iwe sharti la kibali cha ujenzi kama ilivyo kwa choo na mfereji. Mpangaji abaki na turubai la kivuli na vyungu anavyoweza kuhama navyo. Miaka miwili ya kwanza ya mti ni maji ya nani kwenye ankara? Hapo bado sijapata jibu linaloniridhisha. Fundi, huko kazini kwako mikataba inaandikwaje?