Kumleta msimamizi kutoka nje: nimpe nini, nimnyime nini?

MamaWawili

Wakuu, naomba mawazo ya waliowahi kupita hapa.

Ninasimamia kundi la Telegram la wazazi wenye watoto wa selimundu. Tulianzia WhatsApp, enzi zile kikomo kikiwa watu 256. Likajaa, tukahama. Leo tuko 6,000 na ushee. Wasimamizi tulikuwa wawili, lakini mtoto wa mwenzangu amekuwa wa kulazwa na kutoka tangu mwaka uanze, akaniomba apumzike. Ningemkataliaje? Nimebaki peke yangu, na mimi pia nina mtoto anayeniamsha usiku.

Kilichonivunja nguvu ni juzi. Saa nane usiku aliingia mtu na tangazo la dawa ya mizizi, eti inamaliza selimundu kabisa. Mimi niliamka saa kumi na moja alfajiri. Chini ya tangazo nikakuta majibu 14, na mama mmoja ameandika: "Kwa hiyo haidroksiyurea naweza kumwachisha leo?" Hiyo ndiyo dawa ya hospitali ya selimundu anayompa mtoto wake. Nilifuta huku mkono unatetemeka, kisha nikampigia. Namshukuru Mungu dozi ya siku hiyo ilikuwa bado haijafika.

Sasa kuna dada mmoja, msimamizi wa kundi kubwa la wapenda bustani, amejitolea kunisaidia. Anakoishi, usiku wangu kwake ni mchana. Hana mtoto mgonjwa, na selimundu alikuwa anaijua kwa jina tu. Wanachama kadhaa wamenijia juu: asiyeyaonja atatuelewaje? Mimi naona heri wa nje aliye macho kuliko wa ndani aliyelala. Je, nimekosea? Na kama sijakosea, nimpe ruhusa zipi?

FundiSaa

Dada, hujakosea, ila usimkabidhi nyumba nzima. Ukimfanya mtu msimamizi, Telegram inakuletea orodha ya ruhusa, kila moja na swichi yake. Mwashie mbili: kufuta ujumbe na kufungia watu. Ya kuongeza wasimamizi wapya izime, na ya kubadili jina la kundi izime pia. Kwenye ukurasa wa "matendo ya hivi karibuni" (Recent Actions) utaona nani kafungiwa na ujumbe upi umefutwa, hata maneno yenyewe utayasoma. Lakini kumbukumbu hiyo inakaa saa 48 tu, kwa hiyo ipitie kila asubuhi, usiilimbikize.

Hili hukuuliza, lakini nitalisema kwa sababu nimeona makundi yakifa hivihivi. Akaunti yako ina nywila ya hatua ya pili, ile ya ziada unayojiwekea mwenyewe juu ya namba ya siri unayotumiwa ukiingia? Bila hiyo huwezi kumkabidhi mtu mwingine umiliki wa kundi, na lazima iwe imeshawashwa siku 7 kabla. Iweke leo. Siku utakayolazimika kumwachia mwenzako kundi, usianze kuhesabu wiki ukiwa wodini.

LeoBado

Mimi nilikuwa huyo mtu wa nje. Niliitwa kusaidia kundi la watu walioacha pombe, na mimi sijawahi kuionja. Palikuwa na mzee mmoja, kila jioni anaandika maneno mawili: "Leo bado." Hasalimii, hajibu mtu. Nikadhani ni taka, nikawa nafuta. Nilimfuta siku 4 mfululizo. Siku ya 5 akaniandikia pembeni: "Mmenifukuza?"

Ndipo nikaambiwa kwamba maneno yale mawili ndiyo yaliyokuwa yanamfikisha kesho, na wenzake walikuwa wanasubiri kuyaona kabla hawajalala. Sheria za kundi nilikuwa nimezisoma zote, hilo halikuwamo. Nilimwomba radhi mbele ya wote, na jina ninalotumia hapa nimelichukua kwake kwa ridhaa yake.

Kwa hiyo, dada, wiki 2 za mwanzo asifute chochote. Kila anachotaka kufuta akutumie wewe na sababu yake, umjibu ndiyo au hapana. Utashangaa ni mambo mangapi kundi lenu mnayajua bila kuyaandika popote.

Baba_K

Nami ni mzazi wa mtoto wa selimundu, ingawa si wa kundi lako. Kwa kweli nisingekubali upesi. Sisi tunatuma picha za watoto wakiwa na dripu, faili liko pembeni, jina linasomeka. Huyu dada anaweza kuwa mwema sana, lakini watoto ni wetu. Watangazie wanachama mapema: ni nani, anaanza lini, atakuwa na uwezo gani. Anayetaka kufuta picha zake apate nafasi.

Halafu jambo la pili. Mzazi akiandika saa tisa usiku "mtoto ana joto 38.6", huyo wa bustani atajua kwamba hilo halisubiri? Au litazama chini ya pole na stika?

MamaWawili

Asanteni, nimesoma kila neno.

FundiSaa, nywila nimeiweka jana usiku. LeoBado, wiki 2 bila kufuta chochote siwezi, wale wauza mizizi hawatanisubiri. Mimi na yule dada tumekubaliana hivi: matangazo ya dawa anafuta kuanzia siku ya kwanza na mleta tangazo anafungiwa, mengine yote ananiuliza. Habari za yule mzee wa "Leo bado" nimemsimulia dada huyo, akakaa kimya kidogo, akasema ameelewa.

Baba K, tangazo nimelitoa, anaanza wiki ijayo. Wazazi wameanza kufuta picha, na mimi nafuta za waliokwisha kuondoka kundini. Suala la joto lilininyima usingizi. Nimemwandikia sentensi moja aibandike chini ya ujumbe wowote wa homa: "Joto 38.5 au zaidi, mpeleke hospitali sasa hivi, usisubiri jibu hapa."

Alipoisoma hakujibu "sawa". Aliniuliza: "Na mzazi akiniambia hospitali iko mbali na hana usafiri, nimwamshe nani?" Tangu nianze kutafuta msaidizi, hakuna mwingine aliyewahi kuniuliza hivyo. Nimempa namba yangu, nikamwambia aniamshe mimi.