Mafundi wa pevingi, mnazika DPC (nailoni ya kuzuia maji juu ya msingi) halafu lawama anabeba fundi rangi!

Wakuu, masika bado na kuta zimeshaanza kubanduka kuanzia chini. Dawa ya mtaani? Skimming tena, yaani kulainisha ukuta kwa jasi. Jasi juu ya ukuta mbichi, wapi na wapi! Jasi hunywa maji, hulainika, huvimba, unaibandua kwa kucha.

Kosa liko nje. Fundi pevingi anamwaga kifusi, moramu juu yake, mchanga, kisha vitofali, na uwanja unapanda juu ya DPC. Ile nailoni iliyolazwa juu ya msingi ili maji ya ardhini yasipande imezikwa. Udongo mbichi sasa unagusa tofali juu ya nailoni, maji yanaingia kwa ubavuni. Nailoni ifanye nini hapo?

Uso wa pevingi au baraza ukae sentimita 15 chini ya DPC, si pungufu, maana mvua ikidunda chini huruka ukutani, na nyumba zetu nyingi hazina gata. Kwa hiyo unachimba, hujazi. Moramu iliyoshindiliwa 10, mchanga 4, kitofali 6, jumla 20. Ongeza zile 15: shimo lako sentimita 35 chini ya DPC. Huijui DPC ilipo? Kwangua plasta kwenye kona, karibu na usawa wa jamvi (sakafu ya zege). Pima kwa mpira wa maji (bomba angavu la kulinganisha usawa), jicho linadanganya. Mwinamo sentimita 2 kwa kila mita, kuukimbia ukuta.

Kama zimeshalazwa, ng'oa upana wa sentimita 30 kufuata ukuta, chimba kupita 15 chini ya DPC, jaza kokoto safi zisizovuka usawa huo na uweke bomba la kutolea maji. Bila bomba umechimba bwawa. Plasta ya nje iliyovuka DPC ikatwe, nayo ni daraja la maji.

Ndani, bandua plasta hadi sentimita 30 juu ya alama ya unyevu, halafu subiri. Kwa makadirio, mwezi mmoja kwa kila inchi ya ukuta: tofali la inchi 6, miezi 6. Najua hakuna anayesubiri. Plasta mpya isichanganywe na mchanga wa ufukweni. Chumvi yake hufyonza unyevu wa hewani hata ukuta ukiwa umekauka.

Na nyie mnaoinua uwanja kwa sababu barabara ya mtaa imepandishwa: inueni getini peke yake, kizingiti na mteremko mfupi, mfereji upande wa ndani wa geti. Uwanja uacheni chini.