Nimeacha sigara, leo siku ya 11. Eti damu iliyozoea moshi ikiukosa inaganda? Naomba ushauri

Fundi wa Deep Sea (mleta uzi)
Wakuu, heshima kwenu. Nina miaka 41, fundi wa mashine za boti hapa Tanga. Nimevuta tangu nina miaka 19, pakiti moja kwa siku, na siku za kulala baharini inazidi.

Mwezi uliopita mdogo wangu wa kike alilazwa, ajifungue kwa upasuaji, ndugu tukaambiwa tukachangie damu. Nikaenda kifua mbele. Wakanitoboa kidole, tone likawekwa kwenye kile kimashine cha kupima wingi wa damu, yule dada akatazama, akanitoboa na kidole kingine. 18.8. Nikafurahi, nikajua damu ninayo tele. Akasema, "Kaka, wewe usichangie leo, nenda kamwone daktari." Swali la kwanza la daktari: unavuta? Vidole vyangu vimeshakuwa vya njano, ningeficha nini. Akaniambia niache, nirudi baada ya miezi mitatu nipimwe tena.

Sasa kichwa kizito, usingizi wa mang'amung'amu, mdomoni vidonda, na nakohoa kuliko nilipokuwa navuta. Kwenye kahawa, mzee mmoja ninayemheshimu kaniambia damu imezoea moshi miaka 22, nikiukata ghafla itaganda, nipunguze polepole. Mke wangu naye ananichemshia rozela na kunitafutia vidonge vya kuongeza damu nipate nguvu. Nishike lipi?

Msela wa Pongwe
Pole mkuu. Hamia shisha au ugoro uteremke taratibu. Na hijama ipo, damu chafu itoke.

Mtu wa Maabara
Mleta uzi, usirudi nyuma hata kwa fegi moja. Kupima damu ndiyo kazi yangu, nisome taratibu.

Unaijua ile hewa inayoua watu waliolala na jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa? Inaitwa kaboni monoksidi, na imo kwenye moshi wa sigara. Ndani ya chembe nyekundu kuna hemoglobini, ndiyo inayobeba oksijeni. Hewa hii inaing'ang'ania hemoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Chukulia daladala ya Raskazone: baadhi ya viti vimekaliwa na watu wasioshuka, nafasi zinapungua, na baadhi ya wenye safari wanabaki kituoni. Kwa anayevuta kila siku, katika viti 100 hivyo, vitano hadi kumi hivi vimekaliwa. Mwili ukiona oksijeni haitoshi, figo zinatoa homoni inayouamuru uboho wa mifupa utengeneze chembe nyingine, na nyingine tena. Ndiyo hiyo 18.8. Mwanamume wa kawaida yuko kwenye 13 hadi 17 hivi.

Huku kwetu tumezoea kumwogopa mwenye damu kidogo, kwa sababu malaria, minyoo na ujauzito vimetufundisha hivyo. Damu nyingi tunaishangilia. Lakini ikizidi inakuwa nzito kama uji uliozidi unga, na moyo ndio unaousukuma. Isitoshe, uvutaji unachubua kuta za mishipa ndani, na zile chembe sahani zinazogandisha damu ukijikata zinanatana upesi. Kwa hiyo mzee wa kahawa, kwa heshima zote, kaligeuza jambo. Anayejitafutia kuganda kwa damu ni anayevuta.

Ukiacha, kaboni monoksidi inapungua nusu kila baada ya saa 4 hadi 6. Kwa hiyo yako ilishatoka tangu siku ya pili. Chembe nyekundu zinahitaji muda kwa sababu kila moja inaishi siku 120 hivi. Chembe nyeupe, ambazo kwa wavutaji huwa juu, nazo zinashuka. Lakini tarehe ya daktari usiikose. Kama namba itabaki juu na kweli umeacha, lazima watafute sababu nyingine, maana yapo magonjwa ya uboho yanayozidisha damu.

Vidonge vya kuongeza damu mwambie mkeo aachane navyo. Glasi ya rozela haina neno. Kikohozi ni njia za hewa zinajisafisha, na vidonda vya mdomo huwapata wengi wiki za mwanzo. Ila ukibanwa kifua, upande mmoja ukilegea, ulimi ukiwa mzito, au mguu mmoja ukivimba na kuuma, hospitali saa hiyo hiyo.

Ndugu yangu wa Pongwe, shisha inachomwa kwa mkaa. Kikao kimoja kinaingiza kaboni monoksidi nyingi kuliko sigara moja. Ugoro hauna moshi, lakini nikotini ni ile ile, arosto haikuachi. Na hijama haizibi mahali sigara inapoingilia.

Bi Mkubwa wa Chumbageni
Mdogo wangu, mume wangu alikuwa na miaka 52. Aliamka alfajiri kwenda msikitini, akaniita nimfunge kifungo cha kanzu. Kifungo kimoja tu. Mkono wa kulia ulikuwa haumsikii. Nikamtazama, na mdomo umeshapinda. Pakiti ilikuwa kwenye meza, zimebaki mbili. Mwaka wa nne huu, kikombe cha chai namshikia mimi. Siku 11 ulizonazo, zishike kwa meno.

Kijana wa Makorora
Mimi nina miaka sita sijavuta. Siku ya tatu ndiyo ilikuwa ngumu kuliko zote, wewe umeshaivuka. Arosto ikija haikai, ni dakika chache; mimi nilikuwa natafuna karafuu na kuzunguka nyumba. Kahawa nilihama baraza kwa mwezi mzima, maana pale sigara zinauzwa moja moja na rafiki anakunyooshea kabla hujakaa. Halafu kumbuka Ramadhani: kutwa nzima hukuvuta, na ukabaki mzima. Magharibi fegi ya kwanza inakupa kizunguzungu, mwili unakwambia ulishaanza kupona.

Fundi wa Deep Sea (mleta uzi)
MREJESHO. Samahani kwa kukaa kimya, nilikuwa nasubiri tarehe. Jana nimerudi. Safari hii walinitoboa kidole kimoja tu. 16.3. Daktari kataka niendelee hivi hivi, nirudi baada ya miezi mingine mitatu. Kikohozi kimekwisha, mashine ya boti naibeba kutoka majini hadi kivulini bila kusimama njiani. Mdogo wangu alijifungua salama, mtoto namlaza kifuani.

Mzee wa kahawa nimemsomea uzi wote kwenye simu. Alikaa kimya mpaka kikombe kikapoa. Kisha kaniuliza kipimo hicho kinapimwa siku gani, na kama nitamsindikiza. Tunakwenda Jumatatu.