Orlando na watoto: siku ngapi zinatosha?

Habari za humu. Mwezi wa saba tunatoka Dar kwenda Walt Disney World, kule Orlando, Marekani, na watoto wa miaka 4 na 8. Bustani za michezo ziko nne. Siku nne mfululizo zinatosha?

Jibu: Dada, weka sita. Siku ya kwanza usikate tiketi kabisa. Julai Orlando iko nyuma ya Dar kwa saa 7, kwa hiyo saa kumi jioni ya kule, mwilini mwa mtoto ni saa tano usiku. Atalilia kwenye foleni. Bustani ya Magic Kingdom ipe siku mbili, zile tatu zilizobaki moja moja. Tiketi ya siku nyingi hushusha bei ya kila siku.

Jibu: Pima urefu wa watoto kabla hawajaahidiwa kitu. Mchezo wa Space Mountain unataka angalau sm 112, Seven Dwarfs Mine Train sm 97. Mdogo akikosa urefu, omba Rider Switch: mzazi mmoja anapanda, mwingine anabaki naye, kisha mnabadilishana bila kurudia foleni yote.

Jibu: Radi za mchana husimamisha michezo ya nje. Ingieni geti linapofunguliwa, saa saba mkalale hotelini, mrudi jioni.